Testa ya taa, toni, TDR au OTDR: ipi itakuonyesha kebo ilipokatika?

Vifaa vya kupimia kebo za mtandao huuzwa vyote kwa jina moja, testa, ilhali kimoja ni kiboksi cha plastiki chenye safu ya taa nane, na kingine ni mashine yenye skrini ya rangi inayogharimu mara mamia ya bei ya hicho kiboksi. Ukivilinganisha kwa bei au kwa wingi wa vitufe hutafika mbali. Jiulize kwanza unataka kujua nini. Kebo huulizwa maswali manne: nyaya zake zimeunganishwa sawasawa? Ni ipi kati ya rundo hili? Imeharibika mita ya ngapi? Na je, inabeba kasi inayotakiwa? Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachojibu yote manne, na kile cha bei kubwa kinachoyajibu si lazima kiwe mali yako.

Niseme mapema ninapoegemea. Swali la tatu ndilo linalomaliza siku za mafundi, na ndilo ambalo wengi hawana kifaa chake. Wana testa ya taa, wana toni, kisha wanaanza kuota mashine ya kutoa vyeti vya ubora wa kebo. Pengo lao liko katikati: kifaa kinachotaja umbali wa tatizo kwa kusoma mwangwi, yaani TDR kwa kebo za shaba, au OTDR kwa faiba, zile kebo za mwanga.

Testa ya taa

Ina vipande viwili. Kikubwa kinachomekwa upande mmoja wa kebo, kidogo upande wa pili, na taa zinawaka kwa zamu kuanzia 1 hadi 8, pamoja na G kwa kebo yenye ngao. Taa ya 4 isipowaka, waya wa 4 umekatika au haukushikwa na kichwa. Upande huu ikiwaka ya 3 na kule ikawaka ya 6, nyaya zimebadilishana nafasi. Kwa kazi ya kubana vichwa vya RJ45 kimoja baada ya kingine, haina mpinzani: ni nyepesi, ni ya haraka, na ikipotea hulii.

Lakini kuna kosa moja ambalo testa ya taa ya kawaida haioni kabisa, na kosa lenyewe ni la kila siku. Kebo ina jozi nne zilizosokotwa. Mpangilio wa T568B unataka jozi ya chungwa ikae pini 1 na 2, ya kijani 3 na 6, ya bluu 4 na 5, ya kahawia 7 na 8. Mtu asiyejua, au mwenye haraka, huona ni nadhifu zaidi kuzipanga jozi zikifuatana: chungwa 1 na 2, kijani 3 na 4, bluu 5 na 6, kahawia 7 na 8, kisha akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Taa zitawaka moja hadi nane bila kasoro, kwa sababu kweli kila pini imefika kwa mwenzake. Kadi ya mtandao nayo inatumia pini 3 na 6 kama jozi moja, ikitarajia nyaya hizo ziwe zimesokotwa pamoja. Hapa hazikusokotwa: ya 3 imezungukana na ya 4, ya 6 imezungukana na ya 5. Msokoto ndio unaofuta kelele kutoka jozi jirani, na ukishavunjwa, mawimbi ya jozi moja yanavujia nyingine. Kebo fupi yenye kosa hili huenda ikapita salama. Ikiwa ndefu, itaunganika, itapoteza pakiti, itashuka kasi, na lawama zote zitamwendea aliyeuza ruta.

Kwa hiyo hata ukinunua testa ya kwanza maishani, soma maelezo yake uone kama inatambua jozi zilizotenganishwa namna hiyo. Zinazoweza hupima kila jozi kwa mawimbi ya masafa ya juu. Zinazopitisha umeme wa betri tu haziwezi, hata ziwe na taa za rangi ngapi.

Upungufu wa pili ni kwamba haisemi wapi. Kujua kuwa waya wa 5 umekatika kwenye kebo ya mita 60 iliyopita juu ya dari hakukuambii uanze kufungua dari upande gani. Na jihadhari na soketi zenye PoE, yaani zinazopeleka umeme kwenye kamera au simu kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao: zinabeba kati ya volti 44 na 57, na testa ndogo isiyo na kinga inaweza kuungua ikichomekwa humo.

Kabla hujatoa testa mfukoni, tazama kasi iliyoandikwa kwenye kompyuta au kwenye swichi ya mtandao. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Kasi ya 100 Mbps inatosheka na mbili, ya pini 1 na 2 na ya 3 na 6. Mashine mbili za gigabiti zikiunganika kwa 100, mtuhumiwa wa kwanza ni jozi ya bluu au ya kahawia. Dokezo hilo ni la bure na mara nyingi ni la kweli.

Toni na kijiti chake

Toni hujibu swali la pili: kebo hii inatokea wapi? Kipande kimoja kinatuma mlio ndani ya waya, na kijiti chenye spika kinausikia mlio huo ukikisogeza karibu na kebo, bila kuchubua chochote. Penye rundo la kebo za rangi moja zisizo na lebo, huwezi kufanya kazi bila hicho.

Kuna namna mbili za kuifunga, na wengi wanajua moja tu. Ukibana klipu zote mbili kwenye nyaya za jozi moja, msokoto unaufuta mlio kwa kiasi kikubwa na kijiti kinasikia kwa shida. Ukibana klipu moja kwenye waya na nyingine kwenye ardhi ya umeme, mlio unakuwa mkali na unafika mbali, ila unavujia pia kebo za jirani. Ukishabakiwa na kebo mbili tatu unazozishuku, rudi kwenye namna ya kwanza, kisha gusanisha nyaya mbili za jozi hiyo kule mwisho: mlio ukikatika, umeipata.

Toni za analojia hufifia kwenye kebo iliyochomekwa kwenye swichi inayofanya kazi, kwa kuwa vipande vya ndani ya soketi vinaumeza mlio. Za kidijitali huvumilia zaidi, na hazidanganywi na mvumo wa taa za dari na nyaya za umeme. Kebo yenye ngao ni tatizo kwa zote mbili, maana ngao imewekwa ili mawimbi yasitoke. Hapo ni bora kutumia kitufe kinachomulika taa ya soketi ya swichi, ambacho testa nyingi za daraja la kati wanacho: unachomeka ukutani, unakwenda kwenye kabati, unatafuta taa inayopepesa kwa mdundo wake.

Watu hutumia toni kutafuta mkato pia, kwa kufuata mlio hadi unapopotea. Kwenye kebo iliyo wazi ukutani inawezekana. Kwenye fungu la kebo kumi zilizofungwa pamoja, mlio unaruka hadi jirani na kuendelea na safari kama kwamba hakuna kilichokatika. Siishauri kwa kazi hiyo.

Kabla ya kununua, iulize swichi uliyonayo

Swichi nyingi zinazosimamiwa, na kadi kadhaa za mtandao, zina kipimo cha TDR ndani yake. Watu wanaishi nazo miaka bila kujua. Kwenye swichi za Cisco zenye uwezo huo amri ni `test cable-diagnostics tdr interface`, ikifuatiwa na jina la soketi, kisha `show cable-diagnostics tdr interface` kuona majibu. MikroTik wana `/interface ethernet cable-test`. Kwenye Linux, kuanzia kernel 5.8 ya mwaka 2020, kuna `ethtool --cable-test`, mradi chipu ya kadi yako iwe na uwezo huo.

Majibu huja jozi kwa jozi: nzima, imekatika, ina shoti, na mita ngapi. Yana kiasi cha kukosea, mita kadhaa kwa swichi nyingine, lakini mita kadhaa zinatosha kukuambia kama tatizo liko kwenye kabati, katikati ya njia, au kwenye soketi ya ukutani. Na unapima ukiwa umekaa, hata kutoka mji mwingine.

Mambo mawili ya kuangalia. Kipimo hiki kinaweza kuikata laini kwa sekunde chache, kwa hiyo usikifanye kwenye laini inayobeba simu au kamera muhimu bila kuwaarifu wenyewe. Pili, ukiona jozi zote nne zimeandikwa zimekatika, zote kwenye mita 48, usikimbilie ngazi: huenda mtu amechomoa kebo upande wa pili. Mkato wa kweli huonekana pale jozi tatu zinapofika 48 na moja ikaishia 17.

Tazama pia hesabu ya makosa ya CRC kwenye soketi, yaani pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika. Ikiwa inapanda huku kipimo cha TDR kikisema kila kitu ni kizima, kebo haijakatika ila inaharibu mawimbi, na hapo unaelekea kwenye swali la nne.

Urefu kwa kapasitansi, au urefu kwa mwangwi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu testa mbili zinaweza kuandikwa zote kwamba zinapima urefu na umbali wa tatizo, na njia zao zikawa tofauti kabisa.

Ya nafuu mara nyingi hupima kapasitansi. Nyaya mbili zilizokaa sambamba hutunza chaji, na kebo ya mtandao ya kawaida ina takriban pikofaradi 50 kwa kila mita. Testa inapima jumla, inagawanya, inakupa mita. Kwa waya uliokatika jibu huwa la kuridhisha. Kwa shoti haikupi umbali, kwa sababu nyaya zilizogusana hazitunzi chaji. Na kebo iliyoingia maji inadanganya: maji yanaongeza kapasitansi, kwa hiyo testa itasema kebo ni ndefu kuliko ilivyo. Ukipima kebo ya mita 40 iliyopita nje ya jengo ukaletewa 55, usiitilie shaka futi yako; itilie shaka ganda la kebo.

TDR inafanya kazi kwa mwangwi, kama mtu anayepiga ukelele bondeni na kuhesabu muda hadi sauti imrudie. Testa inatuma mpigo mfupi wa umeme. Popote impidensi, yaani upinzani wa kebo kwa mawimbi, inapobadilika, sehemu ya mpigo inarudi. Penye mkato unarudi ukiwa umesimama vilevile ulivyotumwa. Penye shoti unarudi umepinduliwa juu chini. Kwa hiyo kifaa kinajua aina ya tatizo na umbali wake kwa pamoja. Umeme ndani ya kebo ya daraja la Cat6 husafiri kwa takriban asilimia 69 ya kasi ya mwanga, yaani sentimita 20 na ushei kwa kila nanosekunde. Mwangwi wa mita 100, kwenda na kurudi, unafika baada ya nanosekunde 966 hivi.

Asilimia hiyo huitwa NVP, na ndiyo inayotenganisha anayejua kutumia TDR na anayebahatisha. Aina za kebo hutofautiana, nyingi zikiwa kati ya asilimia 64 na 72. Ukiacha kifaa kwenye 66 wakati kebo yako ni ya 69, mkato ulio mita ya 50 utaonyeshwa mita ya 47.8. Hizo mita mbili na zaidi ni vigae kadhaa vya dari vilivyofunguliwa bure. Dawa ni rahisi: chukua kipande kilichobaki cha kebo ileile, chenye mita 30 au zaidi, kipime kwa futi, kisha rekebisha NVP hadi skrini iseme urefu huo. Ganda la kebo nyingi limechapwa alama za mita, kwa hiyo hata futi si lazima. Usishangae jozi nne za kebo moja zikitofautiana kidogo. Zimesokotwa kwa ukali tofauti ili zisisumbuane, na iliyosokotwa zaidi ina shaba ndefu zaidi.

Pima pande zote mbili. Tuseme kebo ina mita 62. Kutoka kabatini mkato uko 23.4, kutoka ukutani uko 38.1. Jumla ni 61.5, inakaribia urefu kamili, kwa hiyo mkato ni mmoja na unajua pa kwenda. Jumla ikija 43, kuna mikato miwili na kipande cha katikati kinachoelea. Ukiunga mmoja tu utashuka ngazini ukidhani umemaliza. Panya wanapokuwa wamepita juu ya dari, hali hii ya pili si ya nadra.

TDR nazo zina eneo pofu mwanzoni, kwa sababu mpigo unaotoka bado haujaisha wakati mwangwi wa karibu unarudi. Kichwa kibovu kilicho sentimita chache kutoka kwenye testa kinaweza kufichika. Anza na pachi kodi (kebo fupi ya kuungia yenye vichwa pande zote) nzima ya mita kadhaa, ndipo uunge kebo unayoishuku. Na chomoa kifaa kilicho upande wa pili, maana soketi ya swichi huumeza mpigo na mwisho wa kebo hauonekani.

Mkato unaokuja na kuondoka ndio mtihani wa vifaa vyote hivi. Kebo ikiwa nzima kwa sekunde unayopima, kila testa duniani itasema ni nzima. Tafuta TDR yenye kipimo cha kuendelea bila kukoma, kisha mwenzako aitikise kebo sehemu kwa sehemu, kuanzia kwenye vichwa na soketi kabla ya katikati.

Kwa hiyo, kama bajeti yako inaruhusu kifaa kimoja tu juu ya testa ya taa, nunua TDR ya mkononi yenye ramani ya nyaya na toni ndani yake. Fluke Networks wana MicroScanner, na watengenezaji wengine wana zao. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: inataja umbali wa shoti? Akibabaika, hiyo ni ya kapasitansi.

Kupima kasi na kutoa cheti

Hapa ni swali la nne, na madaraja ni mawili. Testa ya kupima uwezo, kama LinkIQ, inakuambia kebo hii inaweza kubeba gigabiti 1, 2.5, 5 au 10. Inakufaa ukirithi jengo lenye kebo za zamani na mwenye jengo anataka kujua kama azing'oe. Mashine ya kutoa cheti inakwenda mbali zaidi: inapima kila jozi dhidi ya viwango vya ANSI/TIA-568 au ISO/IEC 11801, kwa masafa hadi MHz 250 kwa Cat6, 500 kwa Cat6A na 2000 kwa Cat8, kisha inatoa ripoti ya kupita au kushindwa. Mashine ya DSX-8000 ni mfano wake unaojulikana.

Wengi hudhani mashine ya cheti ni ya makaratasi tu. Ina uwezo wa kutafuta tatizo ambao TDR ya mkononi haina. TDR inaona mkato, shoti na mabadiliko makubwa ya impidensi. Mashine ya cheti inaweza kukuchorea jozi mbili zinavujishiana mawimbi kwenye mita ya ngapi. Mchoro ukipanda mita ya 0 na kutulia kote kwingine, tatizo ni soketi: mtu amefungua msokoto zaidi ya milimita 13 zinazoruhusiwa. Ukipanda katikati, ni kebo yenyewe: imebanwa na tai ya plastiki, imekunjwa kona kali, au imekanyagwa. Kwa kebo ya kawaida isiyo na ngao, nusu kipenyo cha kona kisipungue mara nne ya unene wake.

Hata hivyo, isipokuwa kazi yako ni kufunga majengo mazima na mteja anadai ripoti kwa kila soketi, ikodi, usiinunue. Mashine hizi zinahitaji kupelekwa kusawazishwa kila mwaka, adapta zake huchakaa kwa kuchomekwa, na iliyokaa kabatini miezi kumi haikurudishii kitu. Unapoikodi, taja mapema kama utapima kebo ya ukutani pekee, ambayo kikomo chake ni mita 90, au pamoja na pachi kodi zake, mita 100. Adapta ni tofauti, na ukifika na zisizo zako siku imepotea.

Multimita

Haitaji mita, lakini inakamata kebo ya bandia. Gusanisha nyaya mbili za jozi moja upande mmoja, pima ukinzani upande wa pili. Shaba halisi inayotimiza kiwango haizidi omu 9.38 kwa waya mmoja wa mita 100, kwa hiyo kwenda na kurudi usione zaidi ya 19 hivi. Ukiona karibu 30 kwa mita 100 za boksi jipya, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba, na kamera zako za PoE zitazimika kabla hujapata kosa lolote kwenye testa ya taa.

Kwa upande wa shaba, picha kwa ufupi ni hii:

| Kifaa | Kinajibu | Kinataja mita? | Kisichoona |
|---|---|---|---|
| Testa ya taa | Pini zimefika? | Hapana | Jozi zilizotenganishwa (nyingi), umbali |
| Toni | Kebo ni ipi? | Hapana | Ubora wa kebo |
| TDR ya swichi | Wapi, kwa kukadiria | Ndiyo | Jozi zilizotenganishwa, kuvuja kwa mawimbi |
| Testa ya kapasitansi | Urefu, mkato | Ndiyo, isipokuwa shoti | Maji huipotosha |
| TDR ya mkononi | Wapi, na ni nini | Ndiyo | Tatizo la mita za mwanzo, kasi |
| Mashine ya cheti | Yote, kwa ushahidi | Ndiyo | Hitilafu inayokuja na kuondoka |

Ukiwa na faiba, vifaa vinabadilika

Kwenye faiba chaguo la kwanza ni kati ya kalamu ya leza nyekundu na OTDR, na wengi hununua ya pili kabla ya kuimaliza faida ya ya kwanza. Kalamu inatuma mwanga unaoonekana, wa nanomita 650 hivi. Faiba ikivunjika au kukunjwa mno, mwanga unavuja na unaona wekundu ukiwaka kwenye ganda. Inafanya maajabu ndani ya kabati, kwenye trei za viungo na kwenye pachi kodi za njano. Ganda jeusi la kebo ya nje halipitishi mwanga huo, kwa hiyo barabarani haikusaidii. Usichungulie ndani yake, wala ndani ya faiba yoyote: mwanga wa mawasiliano hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza.

OTDR ni binamu wa TDR. Inatuma mpigo wa leza na kusoma mwanga unaorudi, na inachora njia nzima: kila kiungo, kila kichwa, kila mkunjo, mwisho. Kitu cha kuelewa kabla ya kulipa ni upana wa mpigo. Mpigo wa nanosekunde 10 una takriban mita 1 kwenye mchoro, kwa hiyo unatenganisha vitu vilivyokaribiana, lakini hauendi mbali. Wa mikrosekunde 1 unafika kilomita nyingi, ila una mita 100, na chochote kilichojificha nyuma ya kichwa kinachong'aa hutakiona. Mtu wa majengo anahitaji OTDR yenye eneo pofu fupi. Mtu wa nguzo na mitaro anahitaji yenye nguvu ya kufika. Kununua ya kilomita 100 kwa ajili ya jengo la ghorofa nne ni hasara maradufu. Na usiitumie bila faiba ya kutangulizia, yaani kipande kizima kinachokaa kati ya mashine na laini unayoipima, la sivyo kichwa cha kwanza, ambacho mara nyingi ndicho kibaya, kitamezwa na eneo pofu.

Pima kwa nanomita 1310 na 1550 zote mbili. Kiungo kibaya kinapoteza mwanga karibu sawa kwa zote. Mkunjo unapoteza zaidi kwa 1550. Tofauti hiyo inakuambia kama ubebe mashine ya kuungia au ukanyooshe tu kebo iliyobanwa kwenye boksi.

Kuhusu umbali, OTDR inapima urefu wa kioo. Ardhini ni fupi zaidi, kwa sababu ndani ya kebo nyuzi zimezunguka na kwenye kila boksi kuna mizunguko ya akiba. Mkato ukisemwa kilomita 7.84, usitembee na gurudumu la kupimia kutoka ofisini. Angalia kwenye mchoro kiungo cha karibu unachokijua kilipo, tuseme 7.61, simama hapo, ndipo uhesabu mita 230 zilizobaki, ukipunguza akiba ya boksi hilo. Kosa linakuwa la hatua chache badala ya kona mbili za barabara.

Kabla ya yote hayo, safisha kichwa na ukitazame kwa hadubini ya faiba. Vumbi kwenye kiini cha mikromita 9 linatosha kuishusha laini, na ukichomeka kichwa hicho kichafu kwenye OTDR unaharibu soketi ya mashine.

Kwa nani, nini

Mwenye nyumba au ofisi ndogo yenye soketi kumi: testa ya taa inayotambua jozi zilizotenganishwa, na swichi yenye TDR ndani yake. Inatosha kabisa. Msimamizi wa mtandao wa jengo moja: ongeza toni ya kidijitali na TDR ya mkononi, na kama una faiba kati ya makabati, kalamu ya leza na hadubini. Fundi wa kufunga: hivyo vyote, mashine ya cheti ya kukodi, na multimita ya kupimia kila boksi kabla hujalivuta darini. Mtoa huduma wa faiba hana mjadala, OTDR ni lazima, na mita ya nguvu ya mwanga kwa mafundi wanaoingia majumbani, kwa sababu wao wanahitaji kujua tu kama mwanga umefika wa kutosha.

Ukinunua kilichotumika, cha kwanza kuuliza ni kipande cha pili. TDR au mashine ya cheti bila kipande chake cha mbali ni nusu ya kifaa, na kukipata peke yake mara nyingi ni ghali kuliko ulivyookoa. Kisha omba uipime mbele ya muuzaji kwa kebo uliyokuja nayo, yenye urefu unaoujua, ikiwa wazi upande wa pili, halafu ikiwa na jozi moja uliyoigusanisha kwa makusudi. Dakika tano zinatosha kujua kama inaona mkato, inaona shoti, na inakubaliana na futi yako.